Herufi m Iliyozidi

Kiswahili cha Lubumbashi kina ngeli ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha karibu yote, ngeli ya ka- na tu-. Mtoto mdogo kwetu ni katoto, wakiwa wengi ni tutoto. Mtu wa pwani atasema kitoto na vitoto, na akisikia katoto atajua mara moja kwamba msemaji ametoka bara. Ngeli hiyo imo pia katika Kiluba na Kibemba, lugha za jirani, kwa hiyo swali la isimu linajileta lenyewe: je, wasemaji wa mjini hutumia ka- pale tu wanapotaka kutaja udogo, au imekwisha kupata kazi nyingine, ya kubembeleza, ya kudharau, ya kupunguza uzito wa ombi? Anayesema «unipe kafranga» si lazima awe anaomba pesa kidogo.

Swali hilo tumelichukua watu watatu kwa kazi zetu za mwisho wa masomo, kila mmoja na upande wake. Tuna mazungumzo yaliyorekodiwa sokoni, ndani ya basi na nyumbani, nasi tumeyaandika katika faili za maandishi matupu, bila mapambo yoyote. Kutafuta ndani yake tunatumia grep, programu ndogo ya tangu miaka ya 1970, ambayo huandikiwa amri kwenye terminali na kurudisha kila mstari wenye kile ulichotafuta. Ukiiambia itafute maneno yanayoanza na ka-, italeta katoto, lakini italeta pia kazi, kama, kanisa, karibu na kahawa. Mashine haijui ngeli. Kazi ya kuchambua inabaki kwa jicho, na hapo ndipo rangi inaposaidia: grep inaweza kuipaka ka- wekundu na kuacha shina la neno jinsi lilivyo. Mtu aliyekwisha kupitia kurasa nyingi za mistari myeusi anajua faida ya jambo hilo. Jicho linaruka kutoka wekundu mmoja hadi mwingine na kuuliza swali moja tu: hii ni kiambishi au si kiambishi?

Baada ya kutafuta, mmoja wetu alihifadhi matokeo katika faili na kuyatolea orodha ya maneno kwa wingi wake, yaani neno linalotokea mara nyingi zaidi linakaa juu. Tulitarajia kuona na, ya, mu, ku. Juu kabisa, kuyapita yote hayo, ilikaa herufi moja: m.

Kwa Kiswahili cha Zanzibar m ingeweza kupita bila kuulizwa. Kwetu hapana. Sisi tunaandika mutoto, mutu, musichana, kwa sababu ndivyo watu wanavyotamka, na mahali tunapataja kwa mu inayosimama peke yake: mu nyumba, mu soko. Mwenzetu aliyetoa orodha akaona jambo kubwa. Alidhani mu ya mahali imeanza kupoteza irabu yake katika mazungumzo ya haraka, kama mu- ya zamani ilivyokuwa m- pwani, na kwamba orodha yetu imekamata badiliko hilo likiwa bado njiani. Wazo halikuwa la kijinga hata kidogo. Ndivyo irabu hufa. Akaandika aya nzima ndani ya rasimu ya kazi yake, tena aya nzuri.

Nilimwomba anionyeshe sentensi moja tu yenye m hiyo. Hakuipata, kwa sababu hakuna msemaji aliyeitamka. Tena, chini kidogo katika orodha ileile kulikuwa na maneno mengine ya ajabu: Kka, Ktoto, Kzi, Kma. Waganda wanaweza kuanza neno kwa kk, wanasema kkumi kwa kumi, lakini Ktoto hata Mganda asingeitamka. Na neno lenyewe tulilokuwa tunalitafuta, katoto, halikuwemo katika orodha hata mara moja.

Maelezo yake ni haya. Kwenye terminali rangi si sifa ya herufi, kama wino ulivyo sifa ya maandishi kwenye karatasi. Rangi ni amri inayosafiri ndani ya maandishi yenyewe, katika mfuatano uleule wa herufi, na terminali inatarajiwa kuitii bila kuionyesha. Amri huanza na alama isiyochapika, namba 27 katika jedwali la ASCII, ambayo hapa nitaiandika ESC, ikifuatwa na mabano ya mraba yanayofungua, kisha namba, kisha herufi ya kufungia. Grep ikipaka ka- ya katoto inaandika hivi:

ESC[01;31mESC[KkaESC[mESC[Ktoto

Namba 01 ni kukoleza, 31 ni wekundu, m ni mwisho wa amri ya rangi. K kubwa ni amri nyingine, ya kusafisha mstari kuanzia hapo mpaka mwisho. ESC[m inarudisha hali ya kawaida. Sasa chukua mfuatano huo, tupa kila kisicho herufi, kata vipande, na utapata: m, Kka, m, Ktoto. Kila ka- iliyopatikana imezaa m mbili. Ndiyo sababu m ilipanda juu ya maneno yote. Na ndiyo sababu katoto alipotea: kiambishi na shina vilikuwa vimetenganishwa na amri ambazo hakuna aliyeziona.

Kinachokera zaidi ni kwamba kuliangalia faili kwenye terminali hakukusaidia kitu. Ukiliita faili hilo likapita kwenye skrini, terminali inatii zile amri tena, na unaona ka- nyekundu safi, katoto mzima, kila kitu mahali pake. Kasoro inaonekana tu kwa msomaji mwingine asiyetii amri, kama vile programu ya kuhesabu maneno.

Yaya wa kundi letu alipojaribu amri ileile kwenye kompyuta yake ya Mac, alitupigia simu. «Ee ndugu, kwangu rangi haiko.» Hakukuwa na wekundu kwenye skrini, na katika faili lake hakukuwa na m hata moja. Orodha yake ilikuwa safi. Mimi, nikilifungua faili lenye kasoro katika dirisha la amri la Windows ya zamani ya nyumbani, niliona kitu cha tatu: mshale mdogo unaoelekea kushoto, kisha [01;31m, kisha ka, yote yamechapwa waziwazi kana kwamba msemaji aliyatamka. Hivyo tulikuwa na mazungumzo yaleyale na amri ileile, lakini sura tatu.

Tofauti hizo zina historia yake. Kanuni za amri hizi ziliandikwa katika kiwango cha ECMA-48, ambacho toleo lake la kwanza ni la mwaka 1976, na terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, ndiyo iliyozieneza, ingawa yenyewe haikuwa na rangi. Familia ya Unix ilizirithi. Kompyuta zenye Windows zilichukua njia nyingine kwa muda mrefu, na dirisha lao la amri lilikuwa linachapa ESC kama mshale, mpaka Windows 10 ilipojifunza kuzitii. Hata hapo ni pale programu inapoomba ruhusa hiyo. Kwa hiyo kwenye mashine hiyohiyo moja, programu hii inaonyesha rangi na jirani yake anaonyesha mishale.

Mac na Linux ni ndugu, lakini kama Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa walivyo ndugu. Ubuntu huja na mpangilio unaosema kwamba kila mtu anapoandika grep, ieleweke grep yenye rangi. Mac haina mpangilio huo mpaka uuweke mwenyewe. Amri ya ls, inayoorodhesha mafaili, kwenye Linux hupata rangi kwa --color, na kwenye Mac tangu zamani kwa -G, au kwa kuweka neno CLICOLOR katika mipangilio ya sheli, ile programu inayopokea amri zako. Kuchagua rangi zenyewe, Linux inasoma LS_COLORS, Mac inasoma LSCOLORS. Tofauti ni kistari kimoja cha chini, kama yale maneno mawili tunayowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ili waone kwamba sauti moja inabadili maana. Ndani yake sarufi ni mbili kabisa: kwa folda ya rangi ya buluu, huku unaandika di=01;34, kule unaandika ex. Grep nayo ilikuwa na mahali pa kuweka mapendeleo ya kudumu, GREP_OPTIONS. Toleo la GNU, ambalo Linux hutumia, lilianza kulikemea neno hilo katika namba 2.21 mwaka 2014, na tangu namba 3.6 ya mwaka 2020 halilisikilizi tena. Lile la Mac liliendelea kulikubali. Ndiyo maana mafundisho ya zamani yanafanya kazi kwa Yaya na hayafanyi kazi kwetu. (Kwa wanaopenda tahajia: grep hukubali --color ya Marekani na --colour ya Uingereza bila kubagua. Laiti wahariri wetu wote wangekuwa hivyo.)

Lakini hayo yote hayatoshi kueleza faili lenye kasoro. Ubuntu yenyewe inapopanga grep huipa neno moja la busara: auto. Maana yake, programu iuliize mfumo kwanza, matokeo yangu yanakwenda wapi? Kama yanakwenda kwenye terminali, mbele yake kuna mtu, basi paka rangi. Kama yanakwenda kwenye faili au kwa programu nyingine, acha. Mwaka 1984 Allan Bell alieleza kwamba msemaji hupanga mtindo wake kwa kumwangalia msikilizaji. Sisi tunalisoma jambo hilo katika isimujamii, na hapa limo ndani ya programu. Grep ina mtindo wa kuzungumza na watu na mtindo wa kuzungumza na mashine wenzake, na hubadilisha kama mwanafunzi anavyobadilisha Kiswahili chake anapotoka sokoni kuingia darasani.

Kwenye kompyuta ya chumba tunachofanyia kazi, aliyeipanga kabla yetu alikuwa ameondoa auto na kuweka always, yaani paka rangi daima, usiulize nani anasikiliza. Simjui, na sina ugomvi naye. Naelewa alichokitaka: ukipitisha matokeo marefu kwenye programu ya kusomea ukurasa kwa ukurasa, auto inaona kwamba anayepokea ni programu, inazima rangi, na mtu aliye nyuma ya programu hiyo anabaki na mistari myeusi. Always inaponya hilo. Lakini inaliponya kwa kumfanya msemaji atumie mtindo mmoja kwa wote, na msikilizaji ambaye si mtu anapokea ishara za mkono kama maneno.

Nafikiri hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo, na wanaolalamika kuhusu rangi zisizolingana kati ya mashine na mashine huwa wanalalamikia kitu kidogo mno. Kwamba folda ni buluu kwako na nyeupe kwangu, hilo ni suala la macho. Linalonihusu mimi kama mtu wa isimu ni kujua kama rangi imo ndani ya data au imo kwa msomaji. Katika kazi yetu nzima ya kuandika mazungumzo tunajitahidi kutenga kilichosemwa na kile mwandishi alichoongeza. Kicheko tunakiweka kwenye mabano. Kimya tunakipa alama. Amri ya rangi iliingia bila mabano wala alama, ikakaa katikati ya kiambishi na shina, tena mahali penye swali letu hasa.

Rangi zenyewe nazo zina somo ambalo sikulitegemea. Namba ni nane, kuanzia 30 hadi 37: nyeusi, nyekundu, kijani, manjano, buluu, rangi kama zambarau, rangi kama samawati, nyeupe. Mpangilio ni wa hesabu. Nyekundu ni 1, kijani ni 2, buluu ni 4. Jumlisha nyekundu na kijani upate 3, manjano. Jumlisha zote tatu upate 7, nyeupe. Sasa ziweke katika Kiswahili. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Tunasema kitabu chekundu, lakini kitabu cha kijani, cha manjano, cha buluu: zilizobaki zimeazimwa kwenye majani, kwenye bizari, kwa Wazungu, na mitaani kwetu wengi huzitaja kwa Kifaransa moja kwa moja. Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walisema lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na hayohayo matatu. Mhandisi aliyepanga namba nane hakuwa akiwaza lugha. Alikuwa na taa tatu tu za kuchanganya.

Tena kiwango kinataja jina la rangi bila kusema ni rangi gani hasa. Namba 33 ni manjano, lakini kila terminali inachagua manjano yake. Skrini ya rangi ya IBM, iliyotumiwa na kadi yao ya picha ya mwaka 1981, ilipunguza kijani katika manjano hafifu, ikatoka rangi ya kahawa. Mpaka leo, katika herufi za LSCOLORS kwenye Mac, mahali ambapo mfuatano wa namba una manjano, maelezo rasmi ya herufi d yanasema kahawia. Ferdinand de Saussure angefurahi. Ishara ni ileile, namba ni ileile, na kila jamii imeifungia kitu chake. Buluu ya 34 juu ya skrini nyeusi, kwa mfano, haisomeki kabisa kwenye projekta ya ukumbi wetu. Aliyepanga folda ziwe buluu hakuwahi kukaa safu ya nyuma.

Je, hakuna mamlaka ya kusawazisha? Hakuna, na mtu wa Kiswahili anaweza kulielewa hilo kuliko wengi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwemo, na ngeli yetu ya ka- iliendelea kuishi bila ruhusa ya mtu. Katika terminali pia kuna jitihada. Mwaka 2017 lilitolewa pendekezo la neno moja, NO_COLOR: mtumiaji akiliweka katika mipangilio yake, kwa thamani yoyote isiyo tupu, programu isipake rangi. Programu nyingi zimelifuata. Nyingine zinaendelea na desturi zao, na hakuna wa kuzifukuza darasani. Mimi nalipenda pendekezo hilo kwa sababu linampa msomaji neno la mwisho, lakini singelitegemea kulinda kazi ya mwaka mzima, kwa vile asiyelijua halisikii.

Sisi tumekubaliana hivi. Tunapohifadhi faili tunaandika --color=never kwa mkono, hata kwenye mashine inayojulikana kuwa na auto. Kiambishi tukishakitambua tunakitenga kwa kistari, ka-toto, tu-toto, kama kanuni za Leipzig za kuandika mofimu zinavyotaka. Kistari hakina uzuri wa wekundu, lakini kinahesabika na kinatafutika, tena kinavuka kutoka Linux kwenda Mac kwenda Windows bila kugeuka mshale, na fotokopi ya nyeusi na nyeupe, ambako kazi zetu zote huishia, haikifuti. Rangi tumeiacha kwenye skrini, kila mmoja na zake. Kuna wenzetu ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Nao sasa wanaweza kusoma mafaili yetu sawa na sisi.

Aya juu ya kufa kwa irabu ya mu imeondolewa kwenye rasimu kabla ya kumfikia mwalimu. Mwenzetu hakuitupa, anasema siku moja atarekodi mazungumzo ya haraka zaidi aone kama kuna kitu, na mimi naamini anaweza kukipata. Faili tumelisafisha kwa kuondoa kila ESC pamoja na kinachoifuata mpaka m au K, na katoto wamerudi, pamoja na kafranga wengi kuliko tulivyotazamia. Kwa kuzipitia sentensi zao moja moja tumeanza kuona kwamba ka- ya kuomba haiendi pamoja na ka- ya udogo. Mara nyingi huja na tu, «kafranga tu», au baada ya jina la heshima. Sasa inafuata tu- ya wingi, ambayo ni ngumu zaidi, maana tunaenda, tulikuwa na tutafika wanaanza vivyo hivyo, na skrini inajaa wekundu kutoka juu mpaka chini. Yaya amekwisha kuweka wake uwe wa namba 33 kwenye Mac yake ili macho yasichoke. Anauita kahawia. Nilipouangalia nikiwa nimekaa karibu naye, niliuona manjano.